Mfundishe mtoto kutaja: shukrani na ibada ya nyumbani

Mwambie mtoto wa miaka saba aombe kabla ya kulala, na katika nyumba nyingi za Kikristo hapa Tanzania utasikia hivi: "Baba Mungu tunakushukuru kwa siku ya leo, maana wengi walitamani kuiona lakini hawakuweza, si kwamba sisi ni wema sana kuliko wao, ila ni kwa neema yako." Anaitiririsha sala yote kwa pumzi moja, macho ameyafumba kwa nguvu mpaka kope zinatetemeka, na kabla "Amina" haijaisha ameshadandia kitanda. Maneno yenyewe ni mazuri. Ameyasikia kwa mzee wa kanisa, kwa babu, kwa mwalimu wa Shule ya Jumapili. Ila mwulize, "Umemshukuru Mungu kwa kitu gani leo?" Atakutazama tu. Ndani ya sala ile hamna hata kitu kimoja cha siku yake: si penseli aliyoazimwa na rafiki, si mvua iliyokatika wakati wa kutoka shule, si jino lililong'oka bila kuuma.

Ndiyo maana kazi ya kwanza ya mzazi, na kwangu mimi ndiyo kubwa kuliko zote, ni kumfundisha mtoto kutaja. Zaburi ya 103 inaiambia nafsi isizisahau fadhili za Mungu, kisha inazihesabu: anasamehe, anaponya, anakomboa, anatia taji, anashibisha. Zaburi ya 136 ina mistari 26, na yote inaishia na kiitikio kimoja: "Kwa maana fadhili zake ni za milele." Hiyo ndiyo zaburi ya kuanzia na watoto. Mzazi anasoma nusu ya kwanza ya mstari, watoto wanaitikia. Hata asiyejua kusoma, ukifika mstari wa nne ameshashika. Msiimalize kwa siku moja, watachoka: usiku wa kwanza someni mstari wa 1 hadi 9, habari za uumbaji, wa pili, 10 hadi 16, kutoka Misri, wa tatu, 17 hadi 22, wa nne, malizeni. Usiku wa tano fungeni Biblia, muendelee wenyewe: "Aliyetupa maji ya bomba leo baada ya siku tatu", wote wanaitikia. "Aliyemponya mdogo wetu mafua", wote wanaitikia. Hapo mtoto anaona kwamba orodha haikufungwa pale Kanaani, na yeye yumo.

Kwa sala ya kila siku mpe sentensi yenye sehemu mbili: "Asante Mungu kwa hiki, kwa sababu hivi." Ile "kwa sababu" ndiyo inayofanya kazi. "Asante kwa bibi" inaweza kutoka mdomoni tu. "Asante kwa bibi, kwa sababu alinisubiri getini" haitoki bila mtoto kurudi kichwani mpaka getini na kumwona bibi amesimama. Wekeni na sheria moja ndogo: kilichotajwa hakirudiwi mpaka Jumapili ipite. Wiki ya kwanza utasikia biskuti na katuni, na usikunje uso. Vya karibu vikiisha ataanza kutafuta vya mbali. Mtoto wa miaka mitatu au minne usimwulize, "Unashukuru nini?" Swali hilo kwake halina mlango. Mwulize, "Leo nani alikusaidia?" au "Leo ulicheka wapi?" Akijibu, mwambie, "Basi tumwambie Mungu hilo."

Kosa moja linafanywa na wazazi wema kabisa, nami naliona zito. Mtoto anakataa mchicha, mzazi anamwambia, "Wenzako huko hawana hata hicho, shukuru Mungu!" Mtoto anakula, ila somo alilolipata ni kwamba shukrani inatoka katika kumzidi mwenzake. Sasa fungua Luka 18. Yule Farisayo hekaluni naye alianza kwa shukrani: "Ee Mungu, nakushukuru kwa kuwa mimi si kama watu wengine." Hakurudi kwake amehesabiwa haki. Ukitaka kumtaja asiye na chakula, mtaje katika maombi, kisha katika bakuli: pakueni mpeleke kwa jirani. Usimtumie kama fimbo ya kumchapia mtoto mezani.

Sasa ibada yenyewe ya nyumbani. Inakufa kwa sababu mbili: haina saa maalumu, na ni ndefu. Chagueni saa moja na nusu usiku, kabla ya taarifa ya habari ya saa mbili, na kabla wadogo hawajaanza kusinzia. Runinga izimwe kabisa. Kuiondolea sauti tu hakusaidii, macho yote yataenda kule. Simu zikae chumbani, ya baba ikiwa ya kwanza. Dada wa kazi aitwe akae, asibaki jikoni anaosha vyombo wakati nyinyi mnaimba kwamba wote ni watoto wa Baba mmoja. Watoto wanaliona hilo kabla hujalifikiria.

Dakika kumi hadi kumi na mbili zinatosha. Mkiwa na wa chini ya miaka minne peke yao, tano. Pambio moja, lenye makofi, aliloanzisha mtoto. Somo la mistari mitano hadi minane, si sura nzima. Swali moja tu, lenye jibu zaidi ya "ndiyo". Kisha kila mtu anataja shukrani yake, mdogo akianza na mzazi akimaliza, na mzazi naye ataje kitu cha kweli cha siku hiyo. Sala fupi, Baba Yetu, basi. Kama mmeshindwa kabisa, mna mgeni au umeme umekatika, imbeni ubeti mmoja na mseme Baba Yetu palepale gizani, lakini siku isiruke. Asubuhi ya siku za shule, mtoto anayepanda basi saa kumi na mbili kasoro hana muda wa ibada. Mshike bega mlangoni, mwombee sentensi mbili, mfungulie.

Chukua Luka 17:11–19, wale wenye ukoma kumi, uone jinsi somo linavyokwenda. Mimina maharage kumi mezani. Unaposoma kwamba walipokuwa wakienda walitakasika, mtoto anayasukuma yote mpaka ukingoni. Kisha moja tu linarudi. Soma swali la Yesu: "Hawakutakaswa wote kumi? Wale kenda wa wapi?" Watoto wa siku hizi hawajui "kenda", waeleze kuwa ni tisa, halafu wahesabu yale maharage ya ukingoni. Nyamaza kidogo, waache wayatazame. Swali la kuuliza: "Unadhani wale wengine walikuwa na haraka ya kwenda wapi?" Majibu ya watoto hapa ni ya ajabu: kwa mama yao, kucheza, kununua nguo mpya. Hakuna atakayesema walikuwa watu wabaya, na ni kweli, Luka hasemi hivyo. Hawakurudi tu. Angalia pia alichofanya yule mmoja: alirudi akimtukuza Mungu kwa sauti kuu, akaanguka kifudifudi, akashukuru. Kuabudu na kushukuru viko pamoja katika mtu mmoja anayepiga kelele njiani.

Tofauti ya kusifu, kushukuru, kutubu na kuomba wafundishe kwa mwanzo wa sentensi, si kwa maelezo. Kusifu huanza na "Wewe ni…". Kushukuru huanza na "Umenifanyia…". Kutubu, "Nisamehe kwa…". Kuomba, "Nisaidie…". Mtoto wa miaka sita anaweza kupita zote nne kwa dakika moja. Bila msaada huu atakwenda moja kwa moja kwenye "Nisaidie" na kukaa huko, kama watu wazima wengi tunavyokaa.

Na tafadhali, sala isiwe mahali pa kumsemea mtoto. "Ee Bwana, mguse Baraka aache uvivu, aache kujibu wakubwa…" Baraka amefumba macho, masikio yanamwaka, ndugu zake wanacheka kimyakimya. Baada ya mara tatu atachukia saa hiyo. Kumkanya kuna wakati wake. Vivyo hivyo usimpe adhabu ya kukariri zaburi: utakuwa umeifanya zaburi kuwa kiboko. Na akifumbua macho wakati wa sala mwache. Kufumba macho ni desturi nzuri ya kusaidia utulivu, lakini Yohana 17 inasema Yesu aliinua macho yake kuelekea mbinguni alipoomba. Anayekazania kumkagua aliyefumbua, naye amefumbua.

Baba Yetu ichukulieni wiki saba, ombi moja kwa wiki, maana watoto wengi wanaisema kama wimbo wa lugha ngeni. "Mapenzi yako yatimizwe": neno mapenzi wanalijua kutoka redioni, kwenye nyimbo za wapenzi. Waambie ni yale anayoyataka Mungu. "Riziki" ni chakula na mahitaji ya leo. "Usitutie majaribuni" wanadhani ni mitihani ya shule, kwa kuwa mwalimu huita majaribio. Wiki ikiwa ya riziki, sala ya chakula ya siku hizo iwe ombi hilo peke yake.

Tukifika kwenye chakula, nina neno. Karibu kila nyumba ya Kikristo inaombea chakula kabla ya kula. Baada ya kula wachache sana wanakumbuka. Lakini Kumbukumbu la Torati 8:10 inasema utakula na kushiba, nawe utamshukuru BWANA, Mungu wako. Shukrani inakuja baada ya shibe. Martin Luther, mwanamatengenezo wa Kanisa wa Ujerumani, katika katekisimu ndogo (kitabu cha mafundisho ya imani) ya mwaka 1529 aliyoiandika ili baba wa nyumba awafundishe watu wake, aliweka sala mbili: ya kabla, kutoka Zaburi 145:15–16, na ya baada ya kula. Rudisheni hiyo ya pili. Kabla, sentensi moja inatosha, ugali usipoe. Baada, mikono ikiwa bado ina harufu ya mboga, kila mmoja abaki mahali pake kwa nusu dakika, na mtoto wa zamu aseme: "Mshukuruni Bwana kwa kuwa ni mwema", wote wajibu, "Kwa maana fadhili zake ni za milele." Kisha mtoto amgeukie aliyepika: "Asante mama kwa chakula," au "Asante dada." Naye ajibu, "Asante kushukuru." Mtoto asiyemshukuru aliyepika, anayemwona, sijui atamshukuruje Mungu asiyemwona.

Mara moja kwa wiki chukueni kitu kimoja kilichoko kwenye sahani mkifuatilie kilikotoka. Tuseme ni dagaa wa Kigoma. Mtoto amshike mmoja kwa vidole, amtazame: urefu kama kidole chake kidogo, jicho limekauka, ngozi bado inang'aa kama karatasi ya sigara. Huyu alivuliwa usiku katika Ziwa Tanganyika. Wavuvi wanawasha taa juu ya maji, dagaa wanafuata mwanga, wavu unawazunguka kwa chini. Usiku wa mbalamwezi kali uvuvi huo husimama, maana ziwa lote linang'aa na taa haivuti kitu. Asubuhi wanaanikwa, wanageuzwa, wanafungwa kwenye magunia, wanapanda gari au treni. Kuna aliyewapima sokoni kwa kopo, kuna aliyewachambua vichwa hapa jikoni. Halafu mwulize mtoto, "Sasa tumshukuru nani?" Atataja watu saba au wanane kabla hajafika kwa Mungu, na akifika kwa Mungu atakuwa na cha kusema: umeumba ziwa, umeumba giza, umempa mvuvi akili. Dakika tano hizo zinazidi mahubiri yangu yoyote juu ya kutochezea chakula.

Kanisani, kosa ni kumketisha mtoto nyuma "asisumbue". Nyuma haoni kitu zaidi ya migongo na vilemba, ndiyo maana anasumbua. Mketishe safu ya pili au ya tatu, pembeni, ili akihitaji kutoka atoke. Apite chooni kwanza, anywe maji, awe amekula. Kwa ibada inayofuata liturgia, yaani utaratibu uliopangwa wenye maitikio, mfundishe nyumbani maitikio, moja kila wiki, ili Jumapili asikie kitu anachokijua na kukijibu kwa sauti. Wakati wa mahubiri mpe karatasi na penseli achore anachosikia, au mpe neno moja la kuwinda: "Hesabu mchungaji atasema 'neema' mara ngapi." Simu yenye katuni usimpe. Itamnyamazisha, kweli, lakini itamwambia pia kwamba mahali hapa si pake.

Sadaka nayo ina namna yake. Sarafu inayochomolewa pochini na kutiwa mkononi mwa mtoto kapu likiwa limeshafika si sadaka yake, yeye ni tarishi tu. Ianzie Jumamosi jioni, na itoke katika chake. Mtoto anayepewa shilingi 500 kila siku ya shule anapata 2,500 kwa wiki. Fungu la kumi ni 250, yaani sarafu ya 200 na ya 50. Msaidie kuzitenga mwenyewe, azione zikitoka kwenye rundo. Kisha mweleze kwamba sadaka ya shukrani ni kitu kingine: hiyo haina hesabu, ina sababu. Akipona malaria, akifaulu, mbwa aliyepotea akirudi, atie anachoweza kwenye bahasha na aandike sababu kwa mkono wake, hata kama herufi zimepinda. Usimsifu kwa kiasi. Mwulize tu kama alifurahi.

Kwa sikukuu ya mavuno, mtoto wa mjini anaweza kuwa na malimbuko, yaani mazao ya kwanza, yake mwenyewe. Wiki nne au tano kabla, tafuta ndoo chakavu ya lita 20, itoboe matundu sita chini, jaza udongo sehemu mbili na samadi iliyooza sehemu moja. Mbegu za mchicha ni ndogo mno, zichanganye na mchanga mkavu konzi moja ndipo amwage, afunike kwa udongo mwembamba usiozidi nusu sentimita. Zikizama zaidi hazitoki. Maji amwagilie kwa kopo lenye matundu, asubuhi na jioni. Akimimina kwa jagi mbegu zote zitahamia pembeni. Miche ikifika urefu wa kidole aipunguze, ibaki na nafasi ya vidole vitatu. Ile iliyong'olewa itawatamanisha kuipika. Msiipike. Wapeni kuku, au irudi udongoni, kwa sababu malimbuko ni ya kwanza, na mtoto ameshaambiwa hivyo. Siku ya mavuno anavuna fungu la kwanza, analifunga kwa ukindu, analibeba mwenyewe mpaka madhabahuni.

Baada ya ibada kuna mnada wa mazao yaliyotolewa, nje, na hapa mzazi huharibu: anapandisha bei ili alinunue fungu la mwanawe kwa huruma au kwa fahari. Liache liende kwa mtu mwingine. Mtoto aone mchicha wake ukiondoka kwenye kikapu cha mama asiyemjua, kwenda kupikwa katika nyumba asiyoijua. Pengine atalia. Mkumbatie tu, msimcheke.

Na siku za msiba? "Shukuruni kwa kila jambo," anaandika Paulo kwa Wathesalonike, na watoto huchukulia kwamba lazima waseme asante kwa sababu babu amekufa. Katika Kigiriki alichoandika Paulo, neno ni "katika" kila jambo. Mwambie mtoto hivyo wazi: hatumshukuru Mungu kwa ajili ya kifo cha babu, tunamshukuru hata ndani ya siku hii, kwa ajili ya babu. Ule mstari wa Ayubu, "BWANA alitoa, na BWANA ametwaa," msiuharakishe. Baada yake rafiki za Ayubu walikaa naye chini siku saba, hakuna aliyesema neno. Zaburi ya 13 ina mistari sita tu, na inaanza kwa malalamiko: hata lini? Mfundishe mtoto kwamba kumwuliza Mungu "hata lini" nako ni kuabudu. Jioni ambayo hana cha kushukuru, mruhusu aseme, "Leo sina." Kesho atakuwa nacho.

Kijana wa kipaimara, anayeandaliwa kuthibitisha imani yake kanisani, miaka kumi na mitatu, kumi na minne, asipewe tena sentensi za kujaza. Mpe zamu kamili: achague somo, aongoze, aamue nani aombe. Akichagua wimbo usioupenda, imba. Akikosea, mstahi mbele ya wadogo zake, mrekebishe kesho yake mkiwa wawili.

Kitu cha mwisho ni daftari gumu la kaunta, moja kwa nyumba nzima. Kila Jumapili jioni kila mtu anaandika mstari mmoja: tarehe, jina, jambo. Asiyejua kuandika anasema, mkubwa anamwandikia kwa maneno yake hasa, bila kuyanyoosha. Nyumba ya watu watano itakuwa na mistari 260 kwa mwaka, na kuisoma yote kwa sauti kunachukua kama nusu saa. Isomeni tarehe 31 Desemba, kabla ya kwenda kwenye mkesha, mkipokezana kurasa. Mtakutana na vitu mlivyokwisha kuvisahau: homa ya Machi, ada iliyopatikana siku ya mwisho, paka aliyezaa kabatini. Kila ukurasa ukiisha, itikieni kile kiitikio cha Zaburi ya 136. Anzeni saa moja, msichelewe, kwa sababu mkifika kanisani saa nne viti vya mbele vitakuwa vimejaa na wadogo hawataona kitu.